Cheni ya Nusu

Jumatatu, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Mvua ya usiku ilikuwa imekata, upepo ulikuwa mdogo wenye baridi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama shuka lililotandikwa kwa haraka. Kwa sababu ya ukungu huo, wenye mashua walipofika ufukweni hawakuweza kuona mbali. Kila mmoja alilazimika kuingia majini mpaka magotini ndipo ajue kwamba chombo chake kipo. Wote walivikuta vyombo vyao, ila mmoja.

Aliyekosa chake aliitwa Nusu. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya kimo, maana alikuwa mrefu wa kuinama kila mlango. Alipewa kwa sababu ya maneno. Alizoea kusema nusu ya jambo na kubaki na nusu ya pili kifuani, akiamini kwa moyo safi kwamba amekwisha kuisema. Angesema, "Nipe ile," kisha akashangaa kwa nini hapewi. Hata sala zake zilikuwa za namna hiyo. Aliinamisha kichwa, akaanza vizuri, akanyamaza katikati, halafu akasema amina. Tunaamini Mungu alimmalizia.

Ukungu ulipoinuka, mashua yake ilionekana. Ilikuwa imekwenda kuegemea mashua ya Mwenyekiti wa chama cha wavushaji, ubavu kwa ubavu, kama watu wanaonong'onezana, na rangi mpya ya Mwenyekiti ilikuwa imekwanguliwa kuanzia mbele mpaka nyuma. Sababu ilijulikana mara moja. Tangu gati lilipofungwa kwa matengenezo, mashua ndogo zilikuwa zikilala nje, mahali ambapo chini ni mawe matupu. Kamba ya nanga ya Nusu ilikuwa imesuguliwa na mawe hayo usiku kucha mpaka ikakatika. Nanga ilibaki chini, mashua ikaenda kutembea.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole aliyependa vikao kuliko chai. Aliitisha kikao palepale, watu wakiwa wamekunja suruali. Alisema kosa la kwanza linasamehewa, na rangi ataipaka mwenyewe. Lakini mashua ikikatika tena itaondolewa, kwa kuwa wanaosubiri nafasi pale ni wengi. Nusu akapewa mpaka Jumamosi awaonyeshe wanachama jinsi atakavyoifunga. Kila mtu alielewa maana ya maneno hayo. Bila nafasi pale ufukweni hakuna abiria, na bila abiria nyumba ya Nusu ingebaki kutegemea cherehani ya mkewe peke yake.

Ndipo ubishi ulipoanza. Wenye cheni walisema cheni hailiwi na mawe, na kwamba inalala chini kwa uzito wake na kuizuia nanga isiinuke. Wenye kamba walisema kamba inavutika, kwa hiyo wimbi likija mashua haipigwi kishindo, tena kamba ni nyepesi na mkono unashukuru wakati wa kuvuta. Mmoja alimwambia Nusu kwamba kamba yake ilikuwa imezeeka kiasi cha kustahili kulipwa pensheni. Mwingine akasema mashua ndogo kama ile ukiifunga cheni tupu itainamisha pua siku nzima, abiria watadhani inasali. Nusu alitabasamu pamoja nao. Akasema, "Basi," akaondoka. Hakuna aliyejua ni basi ya nini.

Moyoni aliumia. Kuchekwa kulikuwa jambo la kawaida, lakini siku hiyo alichekwa juu ya kazi yake. Alikata shauri kabla hajafika nyumbani. Atanunua cheni.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia, ingawa ulimi huo haukumchoma mtu asiyestahili. Alikuwa akipinda mapazia ya mteja Nusu alipoingia na kukaa kimya mbele ya kikombe cha chai.

Alimwuliza habari za majini. Nusu akasema njema. Hakutaka kumtia wasiwasi, na zaidi ya hapo aliona aibu, kwa kuwa mkewe alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja kwamba kamba ile imechakaa. Alipuliza chai, akanywa, akatazama dirisha. Kichwani alikuwa akieleza kila kitu: ukungu, mawe, rangi ya Mwenyekiti, Jumamosi. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kipande cha mwisho tu.

"Ijumaa naleta cheni," alisema.

Cherehani ilinyamaza. Inafaa kueleza kwamba siku Nusu alipokwenda kumposa Sindano alimwahidi cheni ya dhahabu. Miaka ilipita, watoto wakaja, wakakua, wakaenda kujitegemea, na cheni haikutajwa tena. Sindano hakuwa ameisahau wala hakuwa ameidai. Aliiweka mahali wanawake wengi wanapoweka ahadi za namna hiyo, karibu na vifungo vilivyokosa nguo.

"Cheni?" aliuliza polepole.

"Kamba basi tena. Imechosha."

Sindano alijigusa shingoni, pale palipokuwa na uzi mweusi wenye kidude cha shaba alichouziwa na mchuuzi. Aliona kweli ni kamba, na kweli imechosha. Machozi yakamlengalenga. Alimwongezea mumewe chai bila kuombwa, akamtilia na sukari ya ziada. Nusu aliinywa akifikiri kwamba amepata mke mwenye kujali vyombo vya majini kuliko wanaume wote wa chama.

Habari ilimfikia Wifi kabla ya jua kutua. Wifi alikuwa dada yake Nusu. Aliishi nyumba ya pili, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Alimhurumia kaka yake kwa kupenda kwake kimya, na alimpenda Sindano kwa sababu alikuwa na mtu wa kumtania kila siku. Hakuamini mpaka alipomsikia mwenyewe. Alimvizia Nusu asubuhi akienda kutafuta nanga yake iliyobaki chini, akamwuliza kama ni kweli mambo ya cheni.

Nusu alishangaa habari ya ufukweni kufika upesi hivyo, lakini alikubali.

"Nene au nyembamba?" Wifi aliuliza.

"Nene. Nyembamba ya nini?"

"Fupi au ndefu?"

"Ndefu, kaka yako si mjinga. Mpaka ilale yenyewe."

Wifi alishika kifua, mahali alipodhani italala. Akauliza kama atahakikisha si ile ya kupakwa rangi tu. Nusu akasema ataikagua pete kwa pete, kwa sababu ile ya ovyo inashika kutu ndani ya mwezi mmoja. Halafu akaongeza kwamba uzito ndio kazi yake hasa, na kwamba isiyo na uzito ni pambo.

"Kaka," alisema Wifi, na sauti ilimtetemeka, "nilikuwa nakudharau."

Nusu alisema, "Si neno," akaenda zake.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda bila breki. Mama yake Sindano, aliyeishi nao na kuitwa Bibi na mtaa mzima, alimwombea mkwewe baraka kwa sauti kubwa chumbani ili asikie. Alhamisi jioni, kwenye kikundi cha maombi, Sindano hakukusudia kusema kitu. Lakini Wifi alimpiga kiwiko mbavuni wakati wa kutoa shukrani, na Sindano akajikuta amesimama. Alisema anamshukuru Mungu kwa sababu ahadi inaweza kukaa kimya muda mrefu na bado isife. Wanawake wakasema amina. Kisha wakasema watakuja Ijumaa kuiona.

Usiku ule hakulala mapema. Alitoa gauni lake la kwendea ibadani, la rangi ya zambarau, lenye kola iliyofunga shingo yote. Alilitazama kwa muda. Kisha akachukua mkasi akaikata kola, akachonga shingo upya kwa duara pana ili kitu kinachovaliwa pale kionekane. Fundi anajua kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi. Alikata akijua.

Ijumaa Nusu alikwenda dukani kwa muuza vyuma. Alikuwa amechukua fedha waliyoiweka kwa ajili ya paa la chumba cha kushonea, ambalo lilivuja juu ya meza ya kukatia. Alijiambia atairudisha kabla ya mvua kubwa. Mkewe alikuwa amemwona akilifungua kopo asubuhi na hakusema neno, ila alitabasamu, na Nusu alimshukuru Mungu kwa tabasamu hilo.

Muuza vyuma alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mwongo. Alimsikiliza, akamwuliza ukubwa wa mashua, kina cha maji na hali ya chini. Akamwambia kwamba mawe yanataka cheni, hilo halina ubishi. Lakini mashua yake ni nyepesi. Cheni tupu kuanzia nanga mpaka juu itaivuta mbele izame pua, na siku ya mawimbi itakuwa ikigutuka kila dakika mpaka mbao zilegee. Kipande cha cheni kifungwe kwenye nanga, kilale juu ya mawe. Kuanzia hapo kwenda juu ifungwe kamba, ambayo itavutika na kuilea mashua.

"Kwa kifupi," alisema akifuta mikono, "kwako wewe ni nusu cheni, nusu kamba."

Hapo ndipo palipoharibika. Wiki nzima Nusu alikuwa amechekwa, na sasa alisikia jina lake likitajwa mara mbili katika sentensi moja na mtu anayetabasamu. Wateja wawili waliokuwa wakichagua misumari walicheka kidogo, pengine kwa jambo lao wenyewe. Nusu alihisi masikio yakimwaka moto.

"Nipe cheni nzima," alisema.

"Ndugu yangu, nakushauri tu."

"Nzima."

Muuza vyuma aliinua mabega, akampimia.

Wanawake wa maombi walikuwa wamekwisha kufika. Walikaa kwenye mkeka na kwenye viti vya kuazima, wakinywa chai na kutoiulizia cheni, kama watu wenye adabu. Sindano alikuwa amevaa gauni la zambarau. Shingo yake ilikuwa tupu na safi, ameipaka mafuta kidogo. Bibi alikaa karibu na mlango ili awe wa kwanza.

Kilichotangulia ni kelele. Ilikuja kutoka kona ya barabara, kelele ya chuma juu ya ubao, ikasogea, ikasimama nje. Mwenye mkokoteni aliingiza kichwa huku jasho likimtiririka, akauliza mzigo auweke wapi. Nyuma yake alisimama Nusu, amechoka, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Weka hapo," alisema. Aliwaona wageni, akadhani wamekuja kushona. Kwa heshima akawaeleza, "Cheni hiyo."

Ilishushwa sebuleni, pete moja baada ya nyingine, na kila pete ilikuwa nene kama kidole gumba. Ilijikunja kwenye sakafu na kuchukua nafasi ya watu watatu. Bibi aliinama, akashika ncha yake, akajaribu kuiinua, akaiacha.

"Mkwe wangu," alisema kwa upole, "hii avalishwe nani?"

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kucheka bila sauti, mabega yakimcheza, kisha akakaa chini kabisa, akashika mguu wa kiti, na machozi yakamtoka. Alijaribu kusema "mpaka ilale yenyewe" akashindwa kumaliza. Wanawake wengine walianza kuaga kwa upole uleule waliokujia nao. Mmoja alikumbuka sufuria iliyo jikoni, ingawa alikuwa amesema dakika chache kabla kwamba leo hapiki. Mwingine alimbana Sindano mkono, akasema Mungu ana njia zake. Hilo ndilo lililouma kuliko kicheko.

Sindano alikuwa amesimama, kiganja chake kikiwa shingoni kama mtu anayeziba upepo. Aliwasindikiza wageni mpaka mlangoni, akawashukuru kwa kuja. Kisha akaingia chumbani.

Nusu alimfuata akiwa hajaelewa. Alielewa alipoiona kola ya zambarau juu ya kitanda, imekatwa, na nyuzi zake zikining'inia. Aliketi. Kwa muda wa kutosha kabisa hakusema hata nusu.

Halafu akaanza kueleza, na safari hii ilitoka yote, polepole, bila mpangilio: ukungu, rangi ya Mwenyekiti, mawe, pensheni ya kamba, Jumamosi, nafasi yao. Alisema ikikatika tena wameondolewa. Alisema hakutaka ahangaike. Alisema cheni ya ile siku ya posa hakuisahau, ila kila mwaka ilizidi kuwa mbali.

Sindano alimsikiliza akiwa amempa mgongo. Nusu alitarajia alie kwa ajili ya dhahabu, na alikuwa tayari kwa hilo.

"Mashua yetu iliondoka Jumatatu," alisema Sindano.

"Ndiyo."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Mwenyekiti anajua. Wavushaji wote wanajua. Muuza vyuma anajua. Hata mwenye mkokoteni bila shaka umemwambia mzigo ni wa nini." Aligeuka. "Mimi nimesimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu, na kumbe chakula cha nyumba hii kilikuwa kinaelea. Dhahabu sikuwa nayo, mume wangu, wala sitakufa kwa kuikosa. Lakini kumbe hata habari zako sinazo."

Nusu aliinamisha kichwa. Sebuleni Wifi alikuwa amenyamaza, jambo lililoonyesha kwamba anasikiliza.

Baadaye Sindano alitoka, akaizunguka ile cheni kama anavyozunguka mteja mnene anayetaka kupimwa. Akauliza kwa sauti ya kazi kama mashua ndogo vile inaweza kubeba chuma chote kile. Nusu alikohoa. Sindano akauliza muuza vyuma alishaurije. Nusu akatazama dari.

"Sema," alisema Sindano. "Alisemaje?"

"Alisema nusu," alijibu kwa sauti ya chini. "Nusu cheni, nusu kamba. Nikadhani ananitania."

Bibi ndiye aliyeanza safari hii. Alicheka kicheko kikavu cha mtu aliyekula chumvi nyingi, Wifi akapokea, na mwisho Sindano mwenyewe, bila kutaka, akaziba mdomo kwa mkono na mabega yakamsaliti. Alisema hata pazia likipeperuka huwekei uzito kitambaa kizima, unauweka upindoni tu, na palipobaki panaachwa pacheze. Akamwambia wanarudi dukani sasa hivi, wote wawili, naye ndiye atakayezungumza. Nusu hakubisha. Muuza vyuma aliipokea tena sehemu kubwa ya cheni bila kununa, akawakatia kamba mpya nene, na fedha iliyobaki ikaenda mikononi mwa Sindano, ambaye aliihesabia paa pale pale dukani.

Jumamosi kulikuwa na upepo. Wanachama walikusanyika ufukweni na Mwenyekiti alikuwa na furaha, maana kilikuwa kikao. Sindano alikuja na mama yake na Wifi. Alivaa gauni la zambarau. Wifi alikuwa amemshauri ajifunge mtandio, akamjibu, "Acha, wifi. Shingo yangu ipigwe upepo." Baadhi ya wanawake wa maombi walikuwepo wakisubiri kuvuka, naye aliwasalimia mmoja mmoja, akiwatazama machoni, mpaka wao ndio wakatafuta pa kutazama.

Nusu aliitoa mashua, akashusha ile nanga aliyoiopoa kutoka chini. Kipande cha cheni kiliifuata kwa kishindo, kikazama, kisha kamba ikateleza nyuma yake bila sauti. Akaifunga mbele ya mashua. Kisha, kama Mwenyekiti alivyotaka, akawasha injini na kuirudisha mashua nyuma kwa nguvu. Kamba ilinyooka, ikakaza, maji yakaruka kutoka kwenye nyuzi zake. Ufukweni Sindano alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Alijua, na wote walijua, kwamba mashua ile ikiburuza nanga mbele ya watu, Jumatatu mtu mwingine atakuwa akivusha abiria wao.

Kamba ilivutika mpaka mwisho wake, ikakataa. Injini ikalia, mashua haikwenda popote. Nusu akazima. Wimbi likaja, likaiinua, na kamba ikalegea na kukaza tena taratibu, kama mtu anayevuta pumzi. Mashua haikuinamisha pua. Yule aliyesema itasali alipiga makofi kabla ya wengine.

Mwenyekiti alimwita Nusu atoke majini asimame mbele ya wanachama. Alisema amefaulu. Lakini chama kina utaratibu wake: mwanachama aliyesamehewa kosa anatoa ahadi kwa mdomo wake, na wote wanashuhudia. Maneno yanajulikana. Nusu angesema kwamba nanga yake itakaguliwa kila wiki, na basi. Watu walianza kutabasamu mapema, kwa kuwa walimjua.

Nusu alijikuna shavu. Maji yalimdondoka kwenye suruali. Alimtazama Mwenyekiti, kisha akamgeuzia bega na kuwatafuta watu waliokuwa nyuma, mpaka akaliona gauni la zambarau.

"Naahidi," alisema. Akanyamaza.

Watu walisubiri. Mtu mmoja akakohoa kwa makusudi. Mwenyekiti alifungua mdomo amsaidie, lakini Sindano alimwahi.

"Malizia," alisema.

Nusu akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

"Naahidi mbele ya Mungu, na Mwenyekiti, na mama mkwe wangu, na nyinyi mnaonicheka, kwamba nanga nitaikagua kila wiki. Na siku yoyote mashua hii ikisogea, hata kidogo, mke wangu ndiye nitakayemwambia kwanza, siku hiyohiyo, yote, mpaka mwisho."